Wazee Kumi na Wawili wa Alhamisi

Somo la juma hili: 1 Petro 5:1–4

Petro angeweza kuwaamuru wazee akiwa mtume. Badala yake anajiita "mzee, mwenzi wao", kisha anawaonya wasiwe "kama wajifanyao mabwana juu ya mitaa yao". Tunalisoma onyo hili kila anapowekwa wakfu mzee mpya, tunaitikia amina, tunakwenda nyumbani. Lakini kanisa linafanya nini, kwa utaratibu gani, ili mtu mmoja asigeuke bwana? Katika karne ya 16 watu wa mji wa Geneva walijaribu kulijibu swali hilo kwa kanuni zilizoandikwa, na Ulaya ya Kiprotestanti bado ina alama za jibu lao.

John Calvin, mchungaji na kiongozi wa Matengenezo ya kanisa, alifukuzwa Geneva mwaka 1538, baada ya wachungaji na mabaraza ya mji kugombana juu ya nani apange mambo ya kanisa. Aliporudishwa Septemba 1541, jambo la kwanza alilotaka ni katiba ya kanisa. Ilipitishwa Novemba mwaka huohuo ikiwa na huduma nne: wachungaji wahubiri, waalimu wafundishe, wazee waangalie mwenendo wa waumini, mashemasi wawatunze maskini na wagonjwa. Mashemasi nao waligawanywa, wengine wakishika fedha na mali za maskini, wengine wakihudumia wagonjwa kwa mikono yao. Aliyehesabu fedha hakuwa yeye anayegawa uji, na ni hekima ambayo makanisa mengi yangeokoka aibu kwa kuifuata.

Wazee walikuwa 12. Wawili walitoka Baraza Dogo, wanne Baraza la Sitini, sita Baraza la Mia Mbili, nao walichaguliwa kwa namna ya kuwa na jicho katika kila mtaa wa mji. Kila Alhamisi waliketi pamoja na wachungaji katika kikao kilichoitwa Konsistori, na mwenyekiti hakuwa mchungaji bali mmoja wa viongozi wa mji. Mbele yao waliitwa mume na mke wasioelewana, majirani wasiosalimiana, wacheza kamari, na wazee wa umri waliokuwa bado wanasali Kilatini wasichokielewa. Hawa wa mwisho waliambiwa waseme Baba Yetu kwa lugha yao, na wasipoweza walitumwa kwenye mafundisho, kisha wakaitwa tena kuulizwa. Adhabu ya kikao ilikuwa maonyo, na kwa asiyesikia, kuzuiwa Meza ya Bwana. Konsistori haikuwa na gereza wala upanga.

Calvin mwenyewe aliishi chini ya maamuzi ya wengine. Alitamani Meza ya Bwana iandaliwe mara kwa mara, hata kila juma. Mabaraza yakakubali mara nne tu kwa mwaka, naye akaendelea kuhudumu kwa ratiba hiyo. Tena alikuwa mgeni, Mfaransa mkimbizi, na hakupewa uraia wa Geneva hadi Desemba 1559, miaka isiyotimia mitano kabla ya kufa.

Mwaka huohuo wa 1559, mwezi Mei, wajumbe wa makanisa ya Kiprotestanti ya Ufaransa walikutana Paris kwa siri, kwa hofu ya kukamatwa na kuchomwa moto. Wakaandika kwamba hakuna kanisa litakalodai ukuu juu ya kanisa jingine, na kwamba kazi ya mwenyekiti wa sinodi inakoma sinodi inapokwisha. Mwaka 1571 wakimbizi wa Uholanzi walikusanyika Emden, wakaifanya kanuni hiyo kuwa ya kwanza kabisa, wakaongeza: wala mchungaji juu ya wachungaji, wala mzee juu ya wazee, wala shemasi juu ya mashemasi. Wafuasi wa John Knox, mwanamageuzi wa Uskoti, walilijenga kanisa la Uskoti kwa mtindo wa vikao hivyohivyo, na kutoka Uskoti njia hii ikaja Kenya. Ndugu wa PCEA, Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, wanaiishi hadi leo. Watu waliozoea kuchagua wazee na kumwajibisha mchungaji walianza pia kumhoji mfalme. Mwaka 1581 majimbo ya Uholanzi yalimkataa mfalme wa Hispania, yakisema raia hawakuumbwa kwa ajili ya mtawala, bali mtawala kwa ajili ya raia. Hata hivyo tusimfanye Calvin mwasisi wa demokrasia. Wazee wa Geneva walikuwa wanaume watupu, wote kutoka ndani ya mabaraza, na mtu wa kawaida hakuulizwa sana.

Tena kuna moshi wa Champel, mahali nje ya mji wa Geneva. Tarehe 27 Oktoba 1553 Michael Servetus, tabibu na mwanatheolojia Mhispania, alichomwa moto akiwa hai pale kwa sababu ya mafundisho yake juu ya Utatu. Hukumu ilitolewa na baraza la mji, lakini Calvin ndiye aliyechochea mashtaka, na huruma pekee aliyomwombea ni auawe kwa upanga badala ya moto. Hapo ndipo utaratibu ulipovunjika: ulinzi ulikuwa umewekwa kati ya mzee na mzee, ila mzushi hakuwekewa ulinzi wowote, na upanga wa serikali ulikuwa karibu mno na mimbari. Mwaka 1903 warithi wa imani ya Calvin walisimamisha jiwe mahali pale, wakijiita wana wake wenye heshima na shukrani, na wakilaani kosa lile waziwazi. Ilichukua miaka 350.

Kwa wazee wa kanisa wanaosoma haya: wachungaji wa Geneva walikutana kila Ijumaa kujifunza Maandiko pamoja, na mara nne kwa mwaka, kabla ya Meza, walionyana wao kwa wao. Jaribuni kabla ya Meza ijayo. Fungeni mlango, someni Mathayo 18:15, kisha kila mmoja kwa zamu yake anyamaze huku wenzake wakimwambia walichokiona katika huduma yake, mchungaji akitangulia. Yanayosemwa yabaki humo ndani. Asiwepo wa kuandika.