Nyanya za gulio: kutoka shambani hadi kwenye fungu

Gulio la kijijini humfaa mwenye shilingi chache, kwa kuwa nyanya huuzwa kwa fungu na halazimiki kununua tenga zima. Mkulima naye huondoka na fedha taslimu siku ileile. Hasara kubwa huanzia shambani. Chuma asubuhi umande ukishakauka, nyanya zikiwa ndiyo kwanza zinaanza wekundu. Zilizoiva kabisa hupasuka njiani. Usizioshe kabla ya safari, maana unyevu huharakisha kuoza. Tenga refu huponda za chini, hivyo kreti la plastiki la kilo 20 hivi ni bora zaidi, hata kama bei yake inauma. Na ukiuza viazi pia? Kataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi! Nchini Kenya, kanuni zinaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia la viazi. Pima kwa mizani mbele ya mnunuzi.