Caesar, jamaa aliyemaliza posho ya siku mbili kwa siku moja

Ivi mnajua kwamba jambazi wa kwanza wa msituni kule Australia, wale wa kuingia porini na bunduki ambao wenyewe wanawatungia mpaka nyimbo, alikuwa mweusi? Mi nilikuwa sijui, nimekuja kujua juzi usiku nikisoma habari za wafungwa waliopelekwa kule, nikajikuta saa nane bado niko macho na kesho kazini.

Jina John Caesar. Inasemekana alizaliwa Madagaska, Bukini ya wazee wetu, wengine wanasema visiwa vya Karibi. Mwaka 1786 yuko Uingereza, mtumishi huko Deptford, akadakwa na kesi ya wizi wa pauni 12 na shilingi 4, mahakama ya Maidstone ikampiga miaka 7 ng'ambo. Zamani ng'ambo ilikuwa Marekani ila Marekani ilishajitawala haitaki tena wafungwa wa mtu, magereza yamefurika mpaka watu wanalazwa kwenye meli mbovu zilizotia nanga mto Thames, ndo wakubwa wakakumbuka kuna bara kule mwisho wa dunia. Meli 11 zikatoka Mei 1787, Caesar akiwa ndani ya Alexander, wakashuka Sydney Januari 1788.

Sasa shida ya Caesar ilikuwa tumbo. Jitu la miraba minne, na David Collins, ndo alikuwa mwanasheria wa koloni, aliandika kwamba huyu bwana ni mchapakazi kuliko mfungwa yeyote pale, ila posho ya siku mbili anaimaliza kwa siku moja. Na posho ilikuwa inapimwa sawa, we uwe kipande cha mtu uwe kimbaumbau, kibaba ni kile kile. Kufika Aprili 1790 kibaba chenyewe kilikuwa hivi, kwa wiki nzima: unga kilo moja na kidogo, mchele haufiki kilo, nyama ya nguruwe ya chumvi haifiki kilo. Basi. Hata gavana Phillip alikula hicho hicho, ukialikwa kwake chakula cha jioni unaambiwa uje na mkate wako mkononi, hapo nilicheka peke yangu.

Ofisa mmoja wa jeshi, Watkin Tench, kaandika jinsi walivyokuwa wanakula. Ile nguruwe ilitiwa chumvi miaka mitatu minne nyuma, ukiichemsha inasinyaa inabaki nusu, kwa hiyo wakaacha kuchemsha, mtu anakata kipande chake cha siku anakichoma kwa uma mbele ya moto huku chini kakinga mkate au kisahani cha wali ili hata tone la mafuta lisipotee. Na mchele ulikuwa unatembea kwa wadudu. Mi nimesoma bweni, maharage yenye dumuzi nayajua, tulikuwa tunazima taa ndo tunakula, lakini hawa jamani walituzidi.

Halafu kuna mzee mmoja mfungwa alianguka akafa ameenda kuchukua posho stoo, walipompasua wakakuta tumbo jeupe. Hakuwa na sufuria, kila akitaka kupika inabidi amege chakula chake ampe mwenye sufuria. Hii imenikaa kichwani kuliko viboko vyote.

Maana viboko navyo vilikuwepo, mjeledi wa kamba tisa wenyewe wakiuita paka. Mfungwa kakamatwa bustanini anachimbua viazi: viboko 300, kufungwa mnyororo na wenzake wawili miezi sita, na unga wake ukakatwa miezi sita. Yani mtu kaiba kwa njaa unamwadhibu kwa njaa, hivi hapo ulitegemea nini? Na sio wafungwa tu, Machi 1789 askari sita waliokuwa wanaiba stoo walinyongwa wote.

Caesar naye Aprili ya mwaka huo huo wa 1789, ile miaka 7 yake ikageuzwa kuwa maisha, kosa wizi. Wiki mbili hazijaisha kaiba bunduki kaingia porini. Wakamkamata mwezi wa sita, akawaambia mkininyonga ntamfanyia mnyongaji kituko watu wacheke kwanza. Wakaona kumnyonga mtu wa hivi hakutamtisha yeyote, wakampeleka kisiwa cha Garden Island na minyororo yake alime mboga, na angalau mboga akaruhusiwa kula. Desemba akatoroka tena kwa mtumbwi. Kule porini akikuta wenyeji wanaota moto wana chakula anawatisha na bunduki wanakimbia, anakula yeye. Ni wizi huo, siwezi kumsafisha, nchi ni yao na chakula chao. Bunduki ikampotea, wakamjibu kwa mikuki, Januari 1790 akarudi mwenyewe na majeraha.

Wakamhamishia kisiwa cha Norfolk, huko akapata mtoto wa kike na mwanamke anaitwa Anne Power, ila mwaka 1793 akarudishwa Sydney na wao wakabaki. Mwisho wa 1795 kaingia porini tena, safari hii na kundi. Koloni likatangaza zawadi kwa atakayemleta, si hela, ni galoni 5 za pombe kali.

Yule mnyongaji hakufanyiwa kituko chochote. Tarehe 15 Februari 1796 jamaa anaitwa John Wimbow alimvizia mahali panaitwa Liberty Plains akampiga risasi, wakambeba mpaka kibanda cha mkulima mmoja, akafia humo baada ya masaa machache.