Vipete vya mguu mmoja vimeshinda

Leo mchana nimeshinda kibarazani hapa Tengeru na ufito wangu mpya wa kuvulia kwa nzi bandia. Urefu futi 7 na nusu, wa mshipi namba 3 (namba ya uzito wa mshipi). Mwepesi mno.

Kazi ilikuwa kuchagua vipete vya kupitishia mshipi.

Nilikuwa na aina mbili: vya waya uliopinda kama nyoka, vyenye miguu miwili (sehemu zinazofungwa kwa uzi kwenye ufito), na vya mguu mmoja. Nikavibana kwa selotepu kwanza, nikatikisa.

Jamani!

Vya miguu miwili, ncha iliendelea kuchezacheza hata baada ya mkono kutulia. Vya mguu mmoja, ikatulia haraka. Kila mguu unataka uzi wake na gundi yake, na uzito wote huo unakaa juu, pale ufito ulipo mwembamba kabisa. Nilirudia kutikisa mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Kile kikubwa karibu na mpini nimekiacha cha miguu miwili, chenye pete ya kauri. Huko chini uzito hausumbui, na mshipi unasugua hapo kila ukiuvuta.

Jirani akavuta mshipi, ufito ukapinda. Palipokuwa na pengo kati ya mshipi na ufito, nikasogeza kipete. Vimekaa 8, ukiacha cha nchani.

Nikimaliza, naupeleka Ziwa Duluti kutafuta perege.

Mliowahi kufunga wenyewe, juu ya uzi mnapaka epoksi au vanishi? Na uzi rangi gani? Nisaidieni kabla sijaanza kufunga.