Faili zisitembee: seva yetu ya ndani ya kuangalia jinomu

Kuna kipindi kwenye timu yetu faili moja ya GFF3 (faili ya maandishi inayosema jeni ziko wapi kwenye DNA) ilikuwa na nakala saba, kila mtu na yake kwenye laptopu, na majina ndo yale yale, _mpya, _mpya2, _sahihi. Siku moja tumekaa watu watatu tunajadili eksoni ya nne, yaani kipande cha nne, cha jeni moja, tumebishana karibu dakika ishirini, huyu anasema inaanzia hapa, yule anakataa kabisa, kumbe mmoja kafungua anotesheni ya GRCh37, toleo la jinomu ya binadamu la mwaka 2009, na sisi wawili tuko kwenye GRCh38 iliyotoka 2013. Jeni ni ile ile, namba za mahali ndo zimehama. Toka siku hiyo nikasema basi, faili zikae sehemu moja, watu ndo wazifuate.

Kwa asiyekaa sana na mambo haya: anotesheni ni yale maelezo yanayobandikwa juu ya herufi za DNA, kwamba jeni inaanzia hapa, eksoni ni hizi, hapa kuna badiliko limeonekana kwenye sampuli. Jinomu, yaani DNA yote kwa pamoja, kwa binadamu ni kama herufi bilioni 3.1, huwezi kuisoma kwa macho bila kitu cha kukuonyesha kipande kwa kipande.

Wengi wakisikia seva ya jinomu wanawaza databesi kubwa na mtu wa kuilea usiku na mchana. Zamani ilikuwa karibu na hivyo kweli, GBrowse, programu ya kuangalia jinomu ya kina Lincoln Stein iliyotoka 2002, ilitaka lugha ya Perl na databesi nyuma yake. Kabla yake kidogo, 2001, kulikuwa na DAS, utaratibu wa kugawana anotesheni kati ya seva, wazo lake lilikuwa zuri sana: herufi zikae seva moja, maelezo yakae seva nyingine za watu wengine, anayeangalia ndo aviunganishe kwenye skrini yake. DAS yenyewe imeshapita lakini wazo lake bado tunalitumia kila siku.

Siku hizi faili yenyewe ndo databesi. BAM (vipande vya DNA ya sampuli vilivyopangwa juu ya jinomu), bigWig na bigBed (vipimo na maeneo), au VCF (orodha ya mabadiliko) iliyobanwa kwa programu ya bgzip na kupewa indeksi na programu ya tabix, zote zinafanya kazi kwa mtindo mmoja: ukisogea kwenye kipande cha herufi elfu 5 kwenye kromosomu ya 7, brauza inasoma indeksi, inajua ni baiti zipi inazitaka, inaomba hizo tu. Faili ni gigabaiti 60, kinachosafiri ni kipande kidogo tu. Seva haihitaji kujua jinomu ni nini, inatakiwa ijue tu kukata kipande cha faili.

Na hapo ndo nilipopoteza siku nzima. Jaribio la kwanza niliwasha ile seva ndogo ya Python, python3 -m http.server, kwa sababu nilikuwa nayo tayari, JBrowse (programu ya kuangalia jinomu ndani ya brauza) ikafunguka vizuri, nikabonyeza treki ya BAM, yaani mstari wa kuionyesha faili hiyo, kimya, feni ya laptopu ikaanza kulia. Ile seva ndogo haielewi ombi la kipande, ukiiomba baiti 100 inaanza kukumwagia faili nzima. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu kingine piga hii:

curl -r 0-99 -D - -o /dev/null anwani_ya_faili_yako

Ukiona jibu la 206 (kipande tu) na urefu wa 100, endelea. Ukiona 200 (faili nzima), acha kuhangaika na JBrowse, tatizo liko kwenye seva. Mi nimeishia kwenye Nginx, programu ya seva ya wavuti, kurasa za JBrowse 2 na data viko kwenye seva moja, anwani moja, na hiyo imeniondolea kabisa usumbufu wa CORS, maana brauza inakataa kuchota data kutoka anwani nyingine kama seva ya huko haijaruhusu.

Vitu vingine vilivyotusumbua: mtu anabana kwa gzip ya kawaida badala ya bgzip, kwa macho zote zinaishia .gz lakini tabix inakataa kuiindeksi. Alafu seva nyingine zikiona .gz zinaweka Content-Encoding: gzip, brauza inaifungua yenyewe njiani na hesabu ya baiti inavurugika. GFF3 lazima ipangwe kwanza kwa kromosomu na mahali pa kuanzia. Na kama unafanyia kazi mimea kama ngano, indeksi ya kawaida inaishia herufi milioni 536 kwa kromosomu moja, tumia tabix -C, inatengeneza indeksi ya aina nyingine isiyo na kikomo hicho. Kwa binadamu usijali, kromosomu ya 1 ni milioni 249 hivi.

Tatizo la majina ya kromosomu ndo baya kuliko yote maana halikupi eror. Faili moja inaandika chr1, nyingine 1, treki inatokea tupu na wewe unadhani hakuna kitu pale. JBrowse ina sehemu ya kuiambia majina haya ni kitu kimoja, ijaze siku ya kwanza. Pia BED, faili nyingine ya kuorodhesha maeneo ya jinomu, inahesabu kuanzia sifuri na GFF inaanzia moja, kwa hiyo ukiona treki mbili zimepishana herufi moja tu, anza kushuku hapo.

Sasa faragha, na hili naomba ulisome taratibu kama una sampuli za watu. Kubandika data kama treki hab (treki zinazokaa kwenye seva yako) kwenye brauza ya jinomu ya UCSC, chuo kikuu cha Marekani, ni rahisi, lakini seva zao ndo zinakuja kuchota kwako, kwa hiyo kilichoko nyuma ya VPN, yaani mtandao wa ndani, hawakioni, na watu wanajikuta wanafungua mlango kwa dunia nzima ili tu treki ionekane. Linki ndefu isiyokisika sio kufuli. Unayetaka sura ile ile ya UCSC kuna Genome Browser in a Box, unaiwasha kwenye mashine yako ndani ya VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta. Sisi tumebaki na JBrowse nyuma ya VPN, HTTPS, na kila mtu na paswedi yake, sio moja ya wote, ili akiondoka mtu tumwondoe yeye tu.

Niliwahi kuonyeshwa seva ya timu nyingine, ukurasa una paswedi safi kabisa, nikaandika /data/ mwisho wa anwani, orodha yote ya BAM ikafunguka. Waliambiwa siku hiyo hiyo wakafunga. Kufuli liwe kwenye foda ya data, na ulijaribu ukiwa hujaingia. Alafu fanya samtools view -H kwenye kila BAM, angalia mistari ya @RG inayoeleza sampuli, hapo kwenye SM (jina la sampuli) mara nyingi unakuta jina la mgonjwa kama lilivyoandikwa kwenye fomu, na kwenye VCF liko kwenye vichwa vya safu. Badilisha kwa amri ya reheader (samtools kwa BAM, bcftools kwa VCF) kabla ya kupandisha. Hata jumla tu za data zinaweza kumfichua mtu: 2008 watafiti walionyesha unaweza kujua kama fulani yumo kwenye kundi kwa kutumia takwimu za kundi zima, na NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, ikaziondoa takwimu za aina hiyo kwenye kurasa za wazi. Na DNA ya mtu ni ya ndugu zake pia, ambao hawakusaini chochote.

Kwa sasa kila foda inaanza na jina la toleo, GRCh38 imeandikwa kwenye anwani yenyewe, na mtu akitaka kunionyesha kitu ananitumia linki, naibonyeza natua kwenye herufi zile zile anazoziangalia yeye. Imebaki kuendesha jbrowse text-index ili watu watafute kwa jina la jeni, natarajia kumaliza wiki hii, alafu naifuta nakala ya saba, ambayo iko kwenye laptopu yangu.