Nilivyopunguza mwili bila kuacha mpira wala tamthilia

Siku hizi watu wakiniona mashati yananipwaya wanauliza, "Uko sawa kweli?" kwa ile sauti ya kupapasa kama kuna ugonjwa. Niko mzima. Natoka kazini kwa miguu tu, na njiani nasikiliza mambo ninayoyapenda.

Hapa Nairobi nafanya kazi Upper Hill na ninaishi South B. Ukitazama ramani ni karibu, lakini jioni inabidi uingie mjini kwanza, usubiri gari la pili lijae, kisha mkwame pamoja kwenye Uhuru Highway huku makanga akiapa kwamba mbele kuko wazi. Mvua ikinyesha nauli inapanda kabla hujafungua mwavuli. Nilikuwa nafika nyumbani nimechoka kwa kukaa tu.

Jimu sikuitaka. Kukimbia papo hapo huku nikitazama ukuta hakuniingii akilini. Mimi nikitembea nataka niwe nimefika mahali. Halafu kwenye kliniki, siku niliyokwenda kupimwa presha, daktari akaniambia Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. "Tembea mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba," akasema. Nikapiga hesabu: nusu saa kwa siku, siku tano. Na foleni ilikuwa inanila zaidi ya hiyo kila jioni! Muda nilikuwa nao, ila nilikuwa nimeuketisha kwenye kiti cha matatu.

Sasa, muda ni kitu kimoja, hamu ya kutoka ni kingine. Hapo ndipo tamthilia iliponiokoa. Nilijiwekea sharti kwamba kipindi kinachoendelea sitakisikiliza nikiwa nimekaa. Kila sehemu mpya naipakua kwa waifai ya ofisini, nabonyeza kitufe cha kuanza kabla sijatoka getini, simu inaingia mfuko wa ndani, na haitoki tena mpaka mtaani kwetu. Nairobi ni Nairobi. Kifaa cha masikio navaa kimoja tu, upande wa ukuta, kwa sababu bodaboda nao wameshaamua kwamba njia ya waendao kwa miguu ni yao.

Tamthilia zetu, kwa bahati, zina maneno mengi kuliko vitendo, kwa hiyo unaweza kuzifuata bila picha. Kulikuwa na mama mkwe mmoja mkorofi ambaye nilimjenga kichwani akiwa mama mnene wa kutisha, mwenye vitenge na bangili. Jumapili mke wangu akawasha runinga, kumbe ni mwembamba kama fagio! Nilikaribia kuacha kipindi.

Asubuhi bado napanda matatu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kile kilima cha kuingia Upper Hill ukikipanda kwa haraka unafika ofisini umelowa. Jioni kilima kinakuwa upande wangu: nashuka mpaka mzunguko wa Nyayo, kisha naifuata Barabara ya Mombasa, juu yangu Expressway ile iliyofunguliwa 2022, wenye haraka wakilipia haraka yao. Vumbi lipo, moshi upo, sisemi ni bustani. Muhimu ni kutoka mapema. Kwetu jua halina msimu, mwaka mzima linazama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasoro. Nikichelewa ofisini hadi giza, napanda gari bila kujilaumu.

Viatu nilivitoa Gikomba, soko la mitumba. Ukienda huko usidanganywe na jina lililo pembeni. Shika kiatu, kipinde: kikijikunja penye vidole ni kizuri, kikijikunja katikati kirudishe kwenye rundo. Halafu tazama kisigino. Kama mwenyewe wa kwanza alikila upande mmoja, wewe ndiwe utakayelipa kwa goti.

Mpira ndio niliohofia ungeniharibia mambo, maana mpira kwetu huja na mutura, ile soseji ya matumbo, na soda. Agosti 2025 CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ikatua hapa nyumbani, sisi na Uganda na Tanzania. Nilikuwa Kasarani siku Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walipowafunga Morocco 1-0 kwa bao la Ryan Ogam, na kumaliza mechi tukiwa tumebaki na wachezaji kumi. Mechi ilipokwisha, barabara za kutoka uwanjani hazikuwa na gari linalosogea. Umati mzima ukashika njia kwa miguu ukiimba, nami nilivunja kanuni ya daktari hadi Thika Road. Madagascar walipotutoa robo fainali kwa penalti, sikupata hata nguvu ya kusikiliza tamthilia. Nilitembea kimya, lakini nilitembea.

Septemba ikaja zamu ya mashindano ya dunia ya riadha, Tokyo. Wao wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo fainali ya mita 1,500 ilituangukia saa kumi jioni tukiwa bado ofisini. Faith Kipyegon alipokata utepe, na Dorcus Ewoi nyuma yake na fedha, hata bosi alikuwa amesimama kwenye kiti. Jioni hiyo South B niliiona karibu sana. Najua kutembea kwangu na kukimbia kwake havina undugu, lakini jaribu kumtazama yule dada kisha upande matatu ya vituo vitatu.

Chakula sikukigusa sana. Nimetoa sukari kwenye chai ya saa nne, na chapati nimezihamishia wikendi. Mama mboga wangu ndiye aliyelalamika: "Baba, sukuma utanimalizia, na hao wengine nitawauzia nini?"

Jumamosi nyingine tunakwenda Karura na mke wangu. Kila nikiingia mle namkumbuka Wangari Maathai, aliyepigwa mwaka 1999 kwa kuuzuia msitu ule usigawiwe wajenzi. Bila yeye, pale penye mianzi na maporomoko pangekuwa na mageti na walinzi. Tatizo letu sasa ni dogo: mke wangu anataka tutembee tukipiga gumzo, nami nina sehemu mbili za tamthilia zimenisubiri tangu Alhamisi. Tumekubaliana gumzo wakati wa kwenda, tamthilia wakati wa kurudi, kila mtu na sikio lake moja, na anayejua kitakachotokea afunge mdomo.