Kima cha Sajenti

Ijumaa ya tarehe 8 Februari 2019 theluji ilianza kuanguka mchana mjini Tacoma, jimbo la Washington, Marekani, na magharibi ilipoingia barabara ya mtaa haikuonekana tena. Mwenzangu wa zamu ya usiku akapiga simu: gari limekwama, haji. Nikajua nimelala hapo hapo.

Kazi yangu ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao, kazi wanayoifanya Wakenya wengi huku. Mzee niliyekuwa naye alikuwa na miaka 87, mpishi mstaafu wa jeshi la Marekani aliyeanzia vita vya Korea. Nilimwita Sajenti kwa sababu ndilo jina aliloliitika upesi. Mikono ilikuwa inamtetemeka sana, na kwa siku tatu alikuwa hali. Supu aliionja kwa ncha ya kijiko akakirudisha. Uji wa shayiri hakuutazama hata.

Jumamosi asubuhi nilimsikia akisema, "SOS." Nikadhani ni ile ishara ya kuomba kuokolewa. Nilitupa kitambaa nikakimbia chumbani, nikamshika bega nikamwuliza anaumwa wapi. Akatikisa kichwa. Anataka kula.

Ndivyo nilivyokijua chakula hicho. Herufi hizo tatu zimesitiri jina la Kiingereza ambalo askari hulisema bila haya na ambalo mimi sitaliandika lote: ni kinyesi juu ya kigae cha paa. Kigae ni kipande cha tosti. Kinachomwagwa juu yake ni nyama iliyopikwa kwa mchuzi mzito wa maziwa na unga. Hapo zamani ilikuwa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa chumvi na kukatwa nyembamba kama karatasi. Kitabu cha wapishi wa jeshi cha 1910 kinataka pauni 15 za nyama hiyo kwa watu 60, na makopo mawili tu ya maziwa. Kima kilikuja kushika nafasi yake baadaye.

Na kima nilikuwa nacho. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na pauni mbili za kima halali nilichonunua Kent, mji wa jirani, nikikusudia kupika sambusa za Jumapili tutakapokutana kina mama wa pwani. Kwa theluji ile hakuna ambaye angefika popote. Nikakitoa nusu.

Nikapika nijuavyo. Kima cha sambusa hukaushwa mpaka kiachane punje punje, na mafuta huyamwaga, la sivyo manda zitalowa. Nikayamwaga. Maziwa nikayachemsha kwenye sufuria nyingine, yalipoumuka nikatia unga wa ngano nikakoroga. Ukafanya madonge papo hapo, makavu ndani kama unga ulivyotoka mfukoni. Nikayaponda kwa mwiko ukingoni mwa sufuria, yakawa madogo lakini hayakwisha. Nikamimina juu ya mkate nikampelekea.

Sajenti hakuonja. Alilitazama donge moja lililotokeza juu, kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nipeleke jikoni."

Nilimkalisha kwenye kiti cha magurudumu, nikamfunika shuka mapajani, nikamsogeza mpaka magoti yake yakakaribia jiko. Akaniuliza mafuta ya nyama yako wapi. Nikamwambia nimeyamwaga. Akafumba macho kidogo.

"Unga haukai kwenye maziwa," akasema. "Unga unakaa kwenye mafuta."

Nikaanza upya na ile pauni iliyobaki. Kima kikaingia kwenye kikaango cha chuma, kitunguu kilichokatwakatwa kikafuata, na kila nilipotaka kukoroga aliniambia ngoja, acha kishike rangi. Mafuta yalipotoka yakawa machache, akaniagiza niongeze kipande cha siagi. Hapo ndipo nikauliza unga kiasi gani.

Akakwama. Kadi za mapishi za jeshi huandikwa kwa watu 100, na yeye maisha yake yote alikuwa amepimia watu 100 au zaidi. Pauni moja ya nyama hakuwahi kuipikia unga. Midomo ikawa inacheza, anagawanya hesabu kimya kimya, na mimi nimesimama na mfuko mkononi. Mwisho akasema robo kikombe, unyunyize juu ya nyama kama unavyonyunyiza chumvi, usimwage.

Nilinyunyiza. Akanisogeza nione. Unga mweupe uliingia kwenye mafuta ukapotea, nyama ikapata utando wa kung'aa, na harufu ikageuka ikawa ya njugu zinazokaangwa. Mafuta yameivalisha kila punje ya unga nguo yake, kwa hiyo maziwa yakija punje hazishikani. Nimepika tangu nikiwa na miaka tisa, Likoni, na hakuna aliyewahi kunionyesha jambo hilo kwa utulivu namna ile. Maziwa nikayatia kidogo kidogo, vikombe viwili na nusu. Mwanzoni kikaango kilikuwa kama tope, kisha mchuzi ukalainika, ukaanza kutoa mapovu mazito yanayopasuka polepole. Chumvi. Halafu pilipili manga, nyingi kuliko ambavyo ningethubutu, mpaka mchuzi ukawa na madoa meusi kila mahali.

"Wanamaji hutia nyanya na kungumanga," akasema, na nikaelewa kwamba hilo ni kosa kubwa.

Nikawa nachoma mkate, nao ulitakiwa uwe mkavu hasa, ubebe uzito bila kulegea. Na nikiwa nimempa mgongo nikamkumbuka babu. Babu yangu alikuwa Keya, askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza, alipigana Burma mwaka 1944. Miaka yote niliyomjua alikuwa akitafuta biskuti ngumu madukani, anaichovya kwenye chai ya rangi na kuhesabu kwa midomo kabla ya kuila. Bibi alikuwa akimnung'unikia, mahamri yako mezani na wewe unakula mawe. Nilikaa mbele ya kikombe kile mara ngapi sijui. Sikumwuliza hata siku moja biskuti ile ilimkumbusha nini, wala alikuwa akihesabu hadi ngapi. Alifariki nikiwa sekondari.

Nikageuka nikamwuliza Sajenti alichokuwa akikipika Korea, na kwa nani.

Alisema hiki hiki, alfajiri, kwa askari 100. Chakula kilipelekwa kwenye mistari ya mbele ndani ya makasha makubwa ya chuma yanayotunza joto, wakayapandisha vilimani kwenye barafu. Makasha yaliporudi yeye ndiye aliyekuwa akiyafungua na kuyaosha.

"Mara nyingi yalirudi matupu?" nikauliza.

"Mara nyingi." Akanyamaza. "Kuna asubuhi yalirudi mazito."

Nikazima jiko, nikavuta kiti nikaketi karibu naye, nikamwuliza ni kina nani. Akanitajia majina matatu, akanieleza na walikotoka. Mmoja alikuwa akichukia pilipili, na Sajenti alikuwa akimtengea chakula chake kabla ya kuitia. Majina hayo nimeyashika, lakini si ya kuandikwa hapa.

Tukala. Nilimkatia tosti vipande vidogo, nikamshikilia kiganja ili uma ufike mdomoni. Alimaliza slesi mbili. Mimi nilikula mbili pia, na mchuzi ule ulinipita kooni ukiwa mzito na wa moto, pilipili ikibaki nyuma ya ulimi. Nje kulikuwa kimya kabisa, hakuna gari, hakuna mguu.

Nilipoinuka kuosha vyombo akanigusa mkono. Chini ya kikaango mlikuwa mmeganda ukoko wa kahawia, ule uliong'ang'ania chuma. Akauonyesha kwa kidole.

"Mpishi hula mwisho," akasema.

Nikampa mwiko. Nikakishika kikaango kwa mikono miwili, nikakiinamisha kuelekea kwake, na Sajenti akaanza kuukwangua ukoko mwenyewe.