Sakafu nyekundu inahitaji kutunzwa

Jamani, sakafu ya saruji nyekundu iliyopigwa nta mimi naipenda kuliko vigae. Kwetu viatu vinaishia barazani, na wageni wameshazoea. Kinachoiharibu hasa ni mchanga unaonasa kwenye soli. Ukikanyagwa unakwangua kama msasa. Ndiyo maana nimeweka kifutia miguu cha makumbi ya nazi nje ya mlango, na kila asubuhi nafagia kabla ya kupiga deki. Mbwa namkata kucha mapema, zikianza tu kugonga sakafu akitembea. Mkojo wa paka ufutwe papo hapo kwa maji na sabuni. Siki na ndimu hapana, asidi inakula saruji. Na jiki msiimwage juu ya mkojo, tafadhali: hewa inayotoka inaumiza kifua, hasa penye watoto wanaotambaa.